Mbwa wa Marehemu

Siku ya kuanua matanga ya Nestory Shigela, jua lilifika Kiseke kabla ya waombolezaji. Kufikia saa tatu asubuhi bati la nyumba lilikuwa limeanza kulia, viti vya plastiki vya kukodi havikaliki mpaka uvifute kwa kitambaa chenye maji, na wanaume wawili waliotumwa kufunga turubai mbele ya nyumba walikuwa wameshakaa chini yake kabla hawajamaliza kulifunga. Ilikuwa Septemba, ule wakati ambao ziwa lenyewe unaliona likimeremeta kule chini lakini upepo wake haukufikii, unaishia kwenye majabali.

Sabina, mjane wa marehemu, aliyasikia yote hayo akiwa sebuleni, kwenye godoro lililotandikwa chini, mgongo ukutani na miguu mbele. Ukiondoa safari ya kwenda kuzika Misungwi na kurudi, hii ilikuwa siku ya saba akiwa mkazi wa godoro hilo. Mjane hapiki. Mjane hafagii, hafungui mlango, hatoki juani. Uji analetewa, maji ya kuoga anatengewa, na akitaka kwenda chooni wanainuka wanawake wawili kumsindikiza, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama mtuhumiwa. Ni heshima, sikatai, na imewashikilia wengi wasidondoke. Lakini ina ubaya wake. Inamfanya mtu kuwa mgeni ndani ya nyumba yake, na mgeni hana la kusema juu ya mambo ya uani.

Tena Sabina alikuwa hajalia. Hakulia hospitali, hakulia kaburini, hakulia hata pale wanakwaya waliposhindwa kumaliza ubeti kwa kilio. Alikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unalishika, unajua ni lako, lakini halikujibu. Watu walimhurumia siku ya kwanza, wakamshangaa siku ya tatu, na kufikia siku ya tano walikuwa wanamjadili.

Aliyemjadili zaidi ni wifi yake Kashindye, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa Misungwi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye alikuwa amelia kwa niaba ya watu wanne na aliona wazi kwamba mmoja wa hao wanne ni Sabina. "Lia, wifi," alimwambia kila asubuhi, akimwekea kikombe cha uji mkononi. "Lia utoe. Au huna cha kutoa?" Sabina alikunywa uji.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mbwa.

Aliitwa Sajini. Alikuwa mbwa mkubwa mweusi mwenye manyoya mengi, mjukuu wa mbwa wa polisi kwa maelezo ya aliyemuuza, na Nestory alimpenda kwa namna iliyomkera mkewe kwa miaka sita. Mwanaume asiyeweza kurudisha kikombe chake jikoni alikuwa akiamka gizani kumtembeza mbwa kabla mawe hayajapata moto. Akirudi anamfunga kwenye kivuli cha upande wa magharibi. Jua likihama, naye anamhamisha. Mabakuli mawili ya maji, siyo moja, kwa sababu moja mbwa hulimwaga. Saa sita mchana anachukua magunia matupu, anayaloweka, anamtandikia alalie. Sabina alikuwa akimtazama kupitia dirisha la jikoni na kusema moyoni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kutandikiwa chochote chenye maji wala kikavu. Alikuwa na wivu, na aliona aibu kumwonea mbwa wivu, kwa hiyo alinyamaza.

Ujuzi huo Nestory aliupata sehemu mbili. Kwanza ni kazi yake: miaka thelathini alikuwa fundi wa vyumba vya baridi katika kiwanda cha minofu ya sangara, na aliongea habari za joto jinsi wengine wanavyoongea habari za wezi, linaingilia wapi, linajificha wapi, linatokea wapi. Pili ni simu za Jumapili za binti yao wa pekee, Hellen, anayefanya kazi za ndani Muscat kwa familia yenye mbwa wawili, ambayo hata msibani haikumpa ruhusa ya kuja. Huko jangwani, alisema Hellen, kiangazi kikichachamaa mbwa hatolewi nje mchana kabisa. Lami inapimwa kwanza kwa mgongo wa mkono, na ikikushinda kabla hujahesabu mpaka saba, mbwa anabaki ndani. Wakilazimika kutoka, mbwa wanavishwa viatu. Nestory alicheka viatu mpaka akakohoa, lakini mengine yote aliyafuata.

Kitu kimoja tu alikikosea, na alikijua. Banda la Sajini alilijenga haraka, kwenye kona kati ya ukuta wa uani na jabali, ili jabali limuokolee ukuta mmoja. Likatoka banda zuri la tofali, mlango wa chuma, bati juu, na kidirisha kimoja cha wavu. Kiangazi cha kwanza akagundua kwamba jabali linakunywa jua kutwa nzima na kulitapikia ndani ya banda. Tangu hapo, kuanzia Agosti mpaka mvua zianze, Sajini hakufungiwa humo mchana. Wengi mjini hufungia mbwa mchana ili awe mkali usiku, na majirani walimwambia Nestory anamharibu mbwa. Alijibu kwamba mbwa aliyechemka halindi kitu.

Hayo yote Sabina aliyajua. Chenge hakuyajua.

Chenge ni mtoto wa Kashindye, mpwa wa marehemu, mwenye duka la vipuri Igoma, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya msiba. Ni kijana mzuri, mchapakazi, mwenye kalamu sikioni na simu mbili. Siku zilizopita, wageni walipokuwa wachache, jirani alimchukua Sajini akamfunga kwake. Leo jirani alikuwa amekwenda kwao Ukerewe, na walitarajiwa watu mia mbili. Saa nne asubuhi Chenge akamvuta mbwa, akamwingiza bandani na kusukuma komeo. Mbwa alipowaona wapishi alibweka, basi Chenge akachukua kipande cha turubai kilichobaki akakining'iniza juu ya kidirisha cha wavu, ili asiwaone watu atulie. Halafu wapishi wakatafuta mahali pa kuweka mafiga pasipo na upepo. Wakaona pale kwenye jabali, ubavuni mwa banda, pamekingika vizuri. Wakawasha mioto mitatu. Hakuna hata mmoja aliyefanya hayo kwa ubaya. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri.

Godoro la Sabina lilikuwa chini ya dirisha la nyuma, hatua kama sita kutoka bandani. Alimsikia Sajini akibweka, kisha akikwaruza mlango, kisha akihema. Kufikia saa saba kuhema kwenyewe kulikuwa kumebadilika, kumekuwa kwa haraka na kwa kelele kama msumeno wa mkono kwenye ubao mkavu. Mikono ya Sabina ilikuwa mapajani. Aliitazama.

"Sajini," alisema.

Mwanamke wa jumuiya ya kanisani aliyekaa karibu naye aliinama. "Unasemaje, mama?"

"Mbwa. Yuko bandani?"

"Yupo, wamemfungia, hawezi kumsumbua mtu. Usijipe taabu na mambo ya mbwa leo, Mama Hellen. Leo ni siku yako."

Sabina alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa na maneno mengine, kwamba mbwa huyo hafungiwi humo mwezi huu, kwamba apewe maji, kwamba atolewe. Yalikuwepo, aliyaona yamepangika, lakini umbali kati yake na mdomo ulikuwa mkubwa mno na hakuwa na nauli. Akaegemea ukuta. Akawa anasikiliza ule msumeno bila kuhisi lolote, na akajua kwamba hahisi lolote, na hilo nalo halikumuuma.

Saa nane kasoro robo, Sajini alinyamaza.

"Afadhali," alisema mwanamke mmoja karibu na mlango, akijipepea na kitabu cha nyimbo. "Afadhali limenyamaza hilo jibwa. Lilikuwa linatumaliza."

Sasa, kuna jambo ambalo Sabina hakuwa amemwambia mtu. Watu wote walijua kwamba Nestory alikula mchana, akakaa kwenye kochi kupumzika, na mkewe alipompelekea chai saa kumi akamkuta amefariki. Hivyo ndivyo ilivyosemwa hospitali na hivyo ndivyo ilivyosomwa kaburini. Kilichoachwa ni kwamba baada ya chakula, Sabina akiwa chumbani anasikiliza redio, Nestory alianza kukoroma. Haikuwa kukoroma kwake kwa siku zote. Ilikuwa sauti nzito, ya majimaji, yenye kukwama na kuanza upya. Ilimkera. Aliinuka akafunga mlango wa chumba. Baada ya nusu saa hivi sauti ikakoma, naye akasema moyoni, afadhali, sasa amelala vizuri. Akaongeza sauti ya redio. Alisema neno hilohilo, afadhali.

Sabina akasimama.

Wanawake wawili wakainuka mara moja, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakidhani ni choo. Alipopita mlango wa choo wakaangaliana. Alipovuka jikoni na kushika kitasa cha mlango wa uani, yule wa kulia alimgusa bega. "Mama Hellen, huko kuna jua." Sabina alifungua mlango akatoka bila viatu. Saruji ya uani ilimuunguza nyayo, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi sawasawa kwa siku saba. Aliendelea kutembea juu yake.

Wapishi waliacha kukoroga. Mjane alipita katikati ya mafiga yao, akaling'oa lile turubai kwenye wavu, akavuta komeo. Joto lililotoka lilimpiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya makande. Bakuli lilikuwa limepinduka, limekauka. Sajini alikuwa amelala ubavu, amebana kichwa chini ya mlango kulikokuwa na upenyo wa kidole kimoja. Mate mazito yalimtoka kama ute wa bamia. Ufizi wake ulikuwa mwekundu wa matofali, macho yake yako wazi, lakini hayakumwona.

Mwanga ulipomfikia alijaribu kusimama. Alitoka akiyumba, miguu ya nyuma ikienda kwake na ya mbele ikienda kwake, akagonga sufuria ya wali, akaanguka kati ya mafiga akitetemeka mwili mzima.

"Kichaa hicho," alisema mpishi mkuu, akirudi nyuma na mwiko wake. "Mnaona hilo povu? Kichaa cha mbwa."

Uani palivurugika. Mama mmoja alimbeba mtoto wa mwenzake kwa makosa akakimbia naye. Mwingine alisema siyo kichaa, ni sumu, na nani angempa sumu mbwa wa marehemu kama siyo mtu mwenye lake jambo. Leteni maziwa anyweshwe. Chenge alifika mbio kutoka mbele. Alimwona mbwa, alimwona mjane bila viatu, akaokota gogo la kuni lililokuwa halijashika moto.

"Mama, rudi nyuma," alisema. "Tafadhali. Akikung'ata tumekwisha."

Sabina alipiga magoti, akaweka mkono kwenye kwapa la mbwa. Pale manyoya ni machache. Palikuwa pa moto kama birika.

"Ni joto," alisema. Sauti ilitoka na kutu, ikabidi arudie. "Chenge, weka hilo gogo chini. Kachanjwa mwezi wa sita, cheti kiko kabatini. Ni joto. Mmempika."

Chenge alitazama banda, akatazama mafiga, akatazama kile kipande cha turubai chini. Unaweza kumwona mtu akielewa. Ni kama kumwona akipokea mzigo. Aliweka gogo chini.

"Nifanye nini?"

"Mshike miguu ya nyuma. Tumpeleke upande ule, kivulini."

Walimbeba mpaka upande wa mashariki, ambako ukuta ulikuwa umeshapata kivuli na pana udongo. Sabina akaagiza maji. Maji yaliyokuwepo yalikuwa kwenye mapipa mawili, maji ya wageni kunawa, maana bomba lilikuwa halijatoka tangu Alhamisi. Mpishi mkuu alianza kusema habari ya wageni mia mbili. Chenge alimpita akajaza ndoo mwenyewe.

Mtu alileta beseni la barafu lililokuwa la soda. "Haya tumfukie humu?"

"Hapana. Maji ya kawaida, mengi. Mwagia tumboni, kwapani, kwenye nyayo. Hapo kwenye manyoya ya mgongo hayaingii." Yule mama wa maziwa alikuwa ameshafika na kikombe na anatafuta mdomo. "Usimnyweshe. Hajui kumeza sasa hivi, atapaliwa. Asante, mama. Weka."

Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe na yalikuwa ya Nestory, pamoja na ile sauti yake ya kufundisha aliyokuwa akiichukia. Maji peke yake hayatoshi, alikuwa akisema, lazima upepo upite juu yake ndipo joto lipate njia ya kuondoka. Sabina alivua kanga aliyojitanda kichwani na mabegani, kanga ya msiba, akaikunja mara mbili akaanza kumpepea mbwa. Chenge akamwaga ndoo, akaenda, akarudi na nyingine. Aliwapigia wapishi kelele wahamishe mafiga, kisha akapiga simu kwa bwana mifugo wa kata.

Watu walikuwa wamesimama ukutani wamejipanga. Mbele ya nyumba kwaya ilikuwa inaimba bila kujua. Kashindye alitoka na mlango wa jikoni, akasimama, akaangalia: wifi yake uani, kichwa wazi, matope mpaka magotini, na maji ya wageni yanatiririka kuelekea mtaroni.

"Sabina," alisema, na hakushusha sauti. "Siku saba hujamlilia mume. Leo unamlilia mbwa?"

Sabina alinyanyua uso. Kama mtu angetafuta chozi pale, asingelipata.

"Silii," alisema. "Nampepea."

Akaendelea. Kashindye akarudi ndani, na wengi wakamfuata, maana ilionekana kubaki pale ni kuchagua upande.

Bwana mifugo, Luhende, alifika kwa bodaboda baada ya nusu saa, begi mgongoni. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyewahi kunywa chai nyingi uani pale na Nestory wakibishana juu ya kupe. "Shikamoo mama. Pole sana na msiba," alisema, akiwa ameshapiga magoti. Aliingiza kipimajoto, akasubiri, akasoma. "Arobaini nukta sita. Na mmekuwa mnammwagia tangu saa ngapi?"

"Saa nane hivi."

"Basi alikuwa na arobaini na mbili au zaidi. Endeleeni kidogo. Ikifika thelathini na tisa na nusu mnaacha maji, asije akaporomoka upande wa pili." Alinyoa kipande cha mguu, akatafuta mshipa, akafunga dripu kwenye nondo za dirisha. Sajini alikuwa ameacha kutetemeka. Ulimi wake ulikuwa bado nje, lakini jicho moja liligeuka likamfuata Luhende alivyosogea.

"Amenitambua," alisema Luhende. "Hanipendi, ni dalili nzuri. Lakini nisikudanganye, mama. Joto likifika pale linaunguza vitu vya ndani. Ubongo naona umepona. Kilichobaki ni figo. Akikojoa kabla ya jua kuzama, na mkojo usiwe mweusi kama chai ya rangi, tuna mbwa. Asipokojoa, nipigie, ila sitakuwa na la kufanya."

"Sawa."

"Alikaa muda gani kimya kabla hamjamtoa?"

"Alinyamaza saa nane kasoro robo. Kabla ya hapo alikuwa anahema kwa kelele."

Luhende alikuwa anapanga vitu vyake begini. "Akihema kwa kelele bado anapigana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo vijiji vingi. "Watu wanakereka na kelele. Akinyamaza wanasema afadhali. Hapo ndipo pa kukimbia, mama. Ungechelewa robo saa nyingine, ningekuja kukusaidia kuchimba shimo."

Sabina aliendelea kupepea. Tone la dripu lilishuka, likafuata lingine.

"Na mtu?" aliuliza.

"Mtu yupi?"

"Mtu akikoroma vibaya. Sauti ya majimaji. Halafu akanyamaza. Kuna dakika ngapi?"

Luhende aliacha kufunga zipu. Alimtazama yule mama, akatazama kochi la sebuleni lililokuwa limetolewa uani kupisha magodoro, na akili yake haikuwa nzito.

"Mimi ni wa mifugo, mama," alisema mwishowe, taratibu sana. Alimshika bega kidogo, akaondoka, na hakusubiri kuagwa.

Sabina alipogeuka, Kashindye alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na sahani ya wali uliofunikwa. Alikuwa amekuja kumlisha. Hasira ilikuwa haijamfanya asahau kwamba mjane hajala. Alikuwa amesikia.

Kashindye aliweka sahani chini. Alikaa kwenye udongo, polepole, kwa magoti yanayouma, upande wa pili wa mbwa.

"Alikoroma?" aliuliza.

"Alikoroma."

"Ukasikia."

"Nikafunga mlango," alisema Sabina. "Ilikuwa inanikera. Nilifunga mlango nikaongeza redio. Kama nusu saa. Iliponyamaza nikasema afadhali." Alisema hayo yote kwa sauti ileile aliyoagizia maji. Alingoja apigwe. Alikuwa tayari kupigwa, na aliona ingekuwa haki, na hata hilo aliliona kwa mbali, kama jambo la watu wa nyumba ya pili.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze Kashindye alilia bila sauti, machozi yakishuka tu na kudondoka kwenye vitenge. Alijifuta kwa kiganja chenye udongo.

"Usimwambie Hellen," alisema. "Mimi umeshaniambia. Yatosha kwangu."

Kashindye aliweka mkono wake mpana kwenye mbavu za Sajini, kwa woga kwanza, maana hakuwahi kumpenda mbwa, kisha akauacha hapo ukapanda na kushuka. Mbele ya nyumba nyimbo zilikoma, na kipaza sauti kikapiga mluzi. Chenge akaja, shati limemgandia mgongoni, kalamu imepotea.

"Mama," alimwambia Kashindye, maana kumwambia Sabina alishindwa. "Padre ameshafika. Watu wote wamekaa. Wanamngoja mjane waanze misa ya kuanua matanga. Wanauliza niwaambie nini."

Kashindye hakuinuka.

"Kamwambie padre asubiri," alisema. "Mgonjwa wetu hajakojoa."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Chenge akaenda. Sabina alihamishia kanga mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeanza kuuma.